Jirani wa Mita Mia Nne na Kumi na Mbili

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asipate taabu ya kumtafuta, maana mbele huko watapita watu wengi wenye suti na angeweza kudhani ni mmoja wao. Hapana. Wale walikuwa kazini. Mpumbavu ni mimi, niliyenyoosha mkono kabla swali halijaisha.

Nchi yenyewe siitaji. Ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo, na ina wizara nyingi kuliko visima. Kama unadhani unaifahamu, chungulia dirishani kwanza, kisha urudi tuendelee.

Mimi ni fundi. Jina langu Hamduni, ila mtaani waliniita Fundi Mapengo kwa ajili ya meno mawili niliyoyaacha kwenye mpini wa jeki mwaka ule nilipokuwa najifunza kazi. Karakana yangu ilikuwa Mtaa wa Nyundo, na nilikuwa natengeneza kitu kimoja tu, mashine ya mkono ya kubangua korosho. Niliianza kwa sababu ya akina mama wa ng'ambo ya reli, wanaobangua kwa vidole. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza, nayo yamewaunguza mpaka alama za vidole zimefutika. Walipokwenda kuandikishwa vitambulisho, kifaa cha serikali kiliwakataa, na karani, ambaye ni mtu wa haki, akawaandika kuwa ni raia wasio na vidole. Tangu siku hiyo hakuna anayewadai saini.

Mashine ilikuwa na meno mawili, mpini na springi. Meno yalikuwa yangu. Springi zilikuwa za Bi Chausiku.

Karakana ya Bi Chausiku ilikuwa nyuma ya yangu, mgongo kwa mgongo, katikati yetu bati moja lenye kutu. Mlango wangu ulitazama sokoni, wake ulitazama reli. Alikuwa mjane, anasokota springi za vitanda, za milango, za viti vya baiskeli, na ulimi wake ulikuwa umechovywa kwenye oili ileile anayochovyea waya wa moto. Mimi kwa upande wangu mke wangu alikwenda kuwasalimia kwao mwaka wa mafuriko, na hadi leo anawasalimia.

Namna tulivyofanya kazi si ya kujivunia. Hatukuwahi kuketi kikao. Hatukuwa na mpango mkakati. Mimi nilikuwa najaribu mashine upande wangu, naye anaisikia upande wake. Akisikia kisichompendeza anagonga bati kwa koleo, mara tatu.

"Fundi!"

"Naam, Bi Chausiku."

"Inakohoa."

"Haikohoi, inasafisha koo."

"Inakohoa. Springi imechoka mguu wa kushoto. Ilete."

Basi naichomoa, naipitisha kwenye tundu la bati, tundu la ukubwa wa ngumi ambalo hakuna aliyejua nani alilitoboa. Kabla chai yangu haijapoa, springi inarudi ikiwa na moto bado, nyingine kabisa, na mashine inabangua korosho mbili zaidi kwa dakika. Kwa miaka mitatu tulibadilisha springi thelathini na moja namna hiyo. Yeye hakuwahi hata siku moja kuiona ile mashine kwa macho. Aliijua kwa sikio, kama daktari anavyojua kifua.

Hicho ndicho nilichokuwa nacho, jirani mmoja. Naomba ukishike, kwa sababu ndicho nilichokwenda kukiweka mezani.

*

Mambo yalianzia kwa mtaalamu. Alikuja kutoka nchi ya baridi, akakaa mtaani kwetu wiki mbili juu ya tairi bovu, anaandika. Mtu mpole sana. Alipoondoka alichapisha kitabu cha kurasa mia nne kinachosema kwamba karakana ndogo zikiwa jirani huvumbua vitu pamoja, kwa sababu mafundi husikiana, huchunguliana, huazimana na kusutana. Sisi tuliposomewa tulishangaa kwamba jambo hilo lilihitaji kurasa mia nne, lakini tukampongeza, maana alikuwa amechomwa sana na jua.

Serikali nayo ilishangaa. Kwa kipindi chote hicho wananchi walikuwa karibu na serikali haina habari! Ikaundwa Wizara ya Ukaribu ndani ya siku tisa. Ilikuwa na Idara ya Majirani wa Kulia na Idara ya Majirani wa Kushoto, na ili kugawa maendeleo kwa haki, idara moja iliwekwa mji wa kaskazini na nyingine mji wa kusini. Zinaandikiana barua.

Waziri aliteuliwa Mheshimiwa Profesa Mhandisi Kasongamana. Alihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka mingi ukaribu umekuwa ukitokea ovyo. Mtu anaamka asubuhi yuko karibu na mwenzake bila mpango, bila kibali, bila takwimu! Je, nchi zilizoendelea zinaweza kutuheshimu hivyo? Kuanzia leo, ukaribu utaratibiwa. Na ninaahidi, kabla ya mwaka kwisha, tutaufikisha ukaribu hata kwa wananchi walioko mbali."

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nasikiliza redioni na nikapiga makofi peke yangu karakanani. Upande wa pili wa bati Bi Chausiku akaguna. Nilimsikia vizuri.

*

Wiki iliyofuata akaja Afisa Ukaribu Daraja la Pili, Bwana Fumbwe, kijana nadhifu mwenye gari lenye bendera na gurudumu la kupimia. Alikuja kupima ukaribu wangu na mshirika wangu.

"Mshirika wako ni nani?"

"Bi Chausiku, msokota springi. Huyo hapo." Nikaonyesha bati.

"Hapo wapi? Naona bati."

"Nyuma yake."

Akafungua kitabu cha kanuni. Kanuni ya Saba ilisema kwamba umbali baina ya washirika utapimwa mlango hadi mlango, kwa njia inayopitika na gari la serikali. Akaondoka na gurudumu lake. Akaenda hadi sokoni, akazunguka kwa wauza mitumba, akavuka reli, akapita kwenye dampo, akarudi kwa nyuma mpaka mlangoni kwa Bi Chausiku. Kisha akarudi njia ileile hadi kwangu, jasho linamtoka.

"Mita mia nne na kumi na mbili," akasema kwa huzuni. "Mko mbali sana, mzee wangu. Pole."

"Bwana Afisa, na hilo tundu?"

Akapekua fomu mbele na nyuma. "Tundu halimo."

Sikutaka kumbishia mtu aliyesoma. Nikaingiza tu mkono wangu kwenye bati hadi kwenye bega. Upande wa pili Bi Chausiku, ambaye alikuwa amesikia yote, akaniwekea kikombe cha kahawa ya tangawizi kiganjani. Nikakitoa kwa uangalifu, nikampa mgeni. Akanywa. Akafurahi.

"Kahawa nzuri hii. Imetoka wapi?"

"Kwa mshirika wangu."

"Yule wa mbali?"

"Yule wa mbali."

"Na imefika ikiwa moto," akasema, akatikisa kichwa kwa heshima. "Hongereni kwa usafirishaji."

Akafuta mdomo, akaandika mita mia nne na kumi na mbili, akagonga muhuri.

*

Sasa twende kwenye upumbavu wangu, tusiukimbie.

Tuliitwa mafundi wote kumi na mmoja wa Mtaa wa Nyundo kwenye ukumbi wa mji. Bi Chausiku hakuja. Alisema ana waya kwenye moto, na waya hausubiri hotuba. Mheshimiwa Waziri alisimama mbele ya picha kubwa ya kuchora. Ilikuwa picha ya Kituo cha Taifa cha Ukaribu na Ubunifu wa Pamoja, mabanda mia mbili kwenye mstari mmoja, milango yote inatazama upande mmoja, ili gurudumu la serikali lisipate shida. Kati ya banda namba moja na namba mbili mchoraji alikuwa amechora baraza yenye kivuli, na kwenye baraza viti viwili vimeelekeana.

Nikavitazama vile viti.

Wenzangu wanasema Waziri alieleza pia kwamba kituo kiko kilomita arobaini na sita nje ya mji, nyikani, ili ukaribu mwingine usije ukauingilia. Mimi sikusikia. Nilikuwa natazama viti.

"Nani kati yenu," alianza Waziri, "yuko tayari kuwa wa kwanza ku..."

Mkono wangu ukawa juu. Wenzangu wote walikuwa wanatazama viatu vyao kwa makini, kama watu waliodondosha sindano. Kamera zikanigeukia. Nikavalishwa mkanda wa kitambaa ulioandikwa JIRANI BORA WA TAIFA, na Bwana Fumbwe akaniletea fomu. Palikuwa na mahali pa jina la mshirika. Nikaandika Chausiku binti Mkwando. Palikuwa na swali: "Je, mshirika ameridhia?" na kisanduku cha kutia alama.

Nikatia alama.

Nilitaka iwe habari njema ya ghafla. Nilishamwona kichwani akifungua mdomo kwa mshangao, akanitukana kidogo, halafu akafunga vitu vyake. Lakini wizara ilikuwa inahitaji takwimu kabla robo ya mwaka haijaisha, kwa hiyo lori lilinijia kesho yake asubuhi, Bi Chausiku akiwa amekwenda kiwanda cha misumari kutafuta waya. Nikasema haidhuru, wiki ijayo ataletwa.

Baada ya siku nne tingatinga likabomoa karakana yangu. Si kwa ubaya. Ilikuwa ni kupisha Barabara ya Ukaribu, iliyochorwa kufupisha njia kutoka mlango wangu hadi mlango wa Bi Chausiku. Ilipokamilika walipima tena, wakapata mita tisa tu, mafanikio makubwa kabisa, isipokuwa mlango wangu ndio haukuwepo.

*

Kituo kilikuwa kizuri. Siwezi kusema uongo. Banda namba moja lilikuwa na sakafu ya kung'aa na ukuta wa zege wenye sponji ndani yake, kwa kuwa wataalamu waligundua kwamba wavumbuzi husumbuliwa na kelele za majirani. Ukigonga, sauti inaingia ukutani na haitoki tena. Nilijaribu kuimba siku ya kwanza. Nikaacha, maana niliona kama namwimbia mtu aliyeninunia.

Mabanda mengine mia moja tisini na tisa yalikuwa na vibao. Kila kibao kilitaja kampuni, na kila kampuni ilikuwa na mkurugenzi, na wakurugenzi karibu wote walikuwa na majina ya ukoo yanayofanana na ya watu wa wizarani, jambo linaloonyesha jinsi ukaribu ulivyokuwa umeanza kuzaa matunda. Watu ndio hawakuwepo. Ni banda namba mbili tu ambalo kibao chake kilikuwa na jina la mtu ninayemjua. CHAUSIKU NA MWENZAKE. Kila asubuhi nilikiamkia hicho, nikafuta vumbi, nikaingia kazini.

Kwa mujibu wa kanuni, kila Jumanne niliendesha Kikao cha Kubadilishana Mawazo. Nilifungua kikao, nikasoma ajenda, nikauliza kama kuna mwenye neno. Nikaandika muhtasari: "Waliohudhuria, mmoja. Waliotoa udhuru, hakuna. Mengineyo, upepo." Baada ya wiki tatu Idara ya Majirani wa Kushoto ilijibu kwa barua ya pongezi, ikaomba Bwana Upepo naye ajaze fomu ya usajili.

Nilicheka sana. Nilicheka mpaka nikageuka kumwambia mtu.

Nimepitia mengi. Nimelala gereji, nimekula mkate na grisi, nimefukuzwa kazi mara mbili na bosi mmoja aliyekuwa na deni langu. Sikujua kwamba kitakachonishinda ni kuwa na kichekesho kizuri na kukosa wa kumtupia. Nikashika koleo, nikagonga ukuta wa namba mbili mara tatu. Sponji ikala. Kesho yake nikagonga tena. Nikafanya hivyo kila asubuhi, nikajiambia kwamba nakagua ubora wa zege.

Na mashine, tangu iliposhushwa kwenye lori, ilikuwa inakohoa.

Nilijua kwamba inakohoa. Ila sikujua inakohoa nini. Nilibadilisha meno, nikakaza nati, nikapaka mafuta, nikaitukana, nikaibembeleza. Korosho zilitoka vipande vipande. Ndipo nilipoelewa kwamba kwa miaka mitatu sikujifunza kuisikiliza mashine yangu mwenyewe, kwa sababu kulikuwa na mtu anayenisikilizia.

Nikapanda juu ya tangi la maji, mahali pekee penye mtandao, nikapiga simu.

"Nani?" akauliza Bi Chausiku.

"Mimi, Fundi."

Sikungoja anitukane.

"Bi Chausiku, naomba unisikilizie kitu." Nilikuwa nimeibeba mashine hadi juu ya tangi, kilo kumi na nane, mgongo wangu bado unakumbuka. Nikaiwekea simu ubavuni, nikazungusha mpini. "Umesikia?"

"Nasikia kama mtu anatafuna karanga redioni."

"Ni mashine."

"Labda. Simu imekula sauti."

"Basi njoo uisikilize mwenyewe. Banda lako lipo, tangu mwezi juzi."

"Banda langu? Nani aliyeniombea banda?"

Nikacheka, kama ninavyocheka nikibanwa. Yeye hakucheka. Simu ikakatika, na nikajishawishi kwamba ni mtandao.

*

Siku ya uzinduzi ilifika. Yalikuja magari ishirini na saba, hema tatu, bendi ya polisi, na keki yenye umbo la mabanda mia mbili. Mbele ya banda langu walichora duara jeupe chini, Duara la Ushirikiano, kipenyo mita nne, ambamo washirika wawili wangesimama na kuvumbua kitu mbele ya Mheshimiwa saa nne na nusu kamili.

"Na mshirika wangu?" nikamuuliza Bwana Fumbwe.

"Anakuja. Tumemwandikia barua ya kumtaka awe karibu."

Aliletwa na gari la bendera, amekaa katikati ya maafisa wawili kama mtu aliyetekwa. Alishuka na kanga yake ya kazi, yenye matundu ya cheche, na mkoba ambao nilijua una koleo ndani. Mtaani nilikuwa namwona siku za misiba na za sikukuu tu, tena kwa mbali, kati ya wanawake wengine. Sasa alikuwa hatua tatu kutoka kwangu na sikujua pa kuweka mikono.

"Shikamoo, Bi Chausiku," nikasema, na tulikuwa rika moja.

Yeye alikuwa anaitazama mashine.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

Akaizunguka. "Nilidhani ni kubwa."

Mheshimiwa Waziri alihutubia saa nzima na robo. Alisema zamani ukaribu ulikuwa wa wachache, sasa ni wa wote. Alisema ametembelea nchi kumi na nne kujifunza namna ya kukaa mahali pamoja. Akatuonyesha kwa mkono. "Watazameni hawa! Juzijuzi walikuwa mita mia nne na kumi na mbili, wametenganishwa na soko, reli na dampo. Leo serikali imewafikisha mita nne! Fundi, bangua!"

Nikatia korosho, nikazungusha. Mashine ikakohoa, ikarusha nusu ya korosho kwenye tai ya Mheshimiwa na nusu kwenye tarumbeta la bendi. Nikatia nyingine. Ikakohoa zaidi.

"Acha!" akasema Bi Chausiku.

Hakuwa anasema nami kama mtu. Alikuwa anasema na mashine. Aliinama, akaweka sikio, akafunga macho. "Zungusha taratibu. Tena. Tena." Watu wote walinyamaza, hata Waziri. "Springi umeiweka kichwa chini."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoifungua kuipakia kwenye lori."

Akatoa koleo, akachomoa, akapindua, akabana mkia mara moja. Nikazungusha. Mashine ikaimba. Korosho ishirini zikatoka nzima, nyeupe, kama meno ya mtoto. Bendi ikapiga wimbo wa taifa bila kuambiwa.

"Dakika moja na nusu!" akapaza sauti Waziri. "Hayo ndiyo matunda ya ukaribu! Afisa, andika: uvumbuzi mmoja."

Bwana Fumbwe akaandika. Tukapewa cheti kimoja chenye majina mawili. Keki ikakatwa, mabanda sitini yakaliwa na wageni waalikwa, na msafara ukaondoka kwa kufuata vyeo. Ilipofika zamu ya gari lililomleta Bi Chausiku, kiti chake kilikuwa kimekaliwa na jukwaa lililokunjwa.

"Lori la maji linapita saa tisa," Bwana Fumbwe alimwambia dirishani. "Lakini, mama, kwa nini uondoke? Umeshafika karibu."

Vumbi likapanda, likatulia.

*

Tukabaki wawili, na mabanda mia mbili, na duara la chokaa. Nikamkaribisha barazani. Viti viwili vilikuwepo kweli, wizara haikudanganya, vimeelekeana kama vilivyochorwa. Akakaa kwa ncha. Nikampa maji. Akanywa, akaweka kikombe chini, ndipo akasema, bila kunitazama.

"Nilirudi na waya wako siku ile. Nikagonga. Nikasema amekwenda kula. Nikagonga tena jioni. Kesho yake nikagonga, nikaweka sikio kwenye tundu, hamna tupa, hamna nyundo, hamna ule wimbo wako mbaya. Nikasema mtu huyu amefia ndani."

Nikatazama duara la chokaa.

"Nikazunguka kwa mbio, Fundi. Sokoni, reli, dampo, njia yote aliyopita yule kijana na gurudumu lake, na goti langu hili unalisikia likilia kila nikiinuka. Siku tatu nilizunguka hivyo, ya nne nikakuta tingatinga. Nikamuuliza dereva, mtu wa humu amekufa? Akasema yeye hajui, ameambiwa abomoe tu."

Mimi ni mtu wa mzaha. Nimewatania polisi wakiwa wananipiga. Nikautafuta mzaha mmoja mdogo wa kumpa yule mama, nikatafuta kila mfuko, sikuupata. Na mtu akikosa mzaha akakosa pia akili ya kunyamaza, huanza kujitetea. Nikajitetea.

"Lakini umefika sasa, Bi Chausiku. Tusihesabu ya nyuma. Banda lako lile pale, lina meko, lina umeme wa njia tatu. Saini tu. Kwanza umeona leo, dakika moja na nusu!"

"Miezi miwili na dakika moja na nusu."

"Haya, miezi miwili. Itakuwa ya mwisho. Akina mama wa ng'ambo ya reli wanangoja mashine, msimu unaanza. Bila wewe siziwezi, nakiri."

"Hilo najua. Akina mama wanapita kwangu, wananionyesha vidole. Lete vipimo, springi zao nitasokota kulekule."

"Kulekule mimi sina pa kukaa! Wamebomoa!"

"Nani aliwapa ruhusa?"

Mbali, upande wa mji, vumbi la lori la maji likaanza kuonekana. Naye aliliona. Akainuka, goti likalia, akaanza kujifunga kanga upya. Nikaona kwamba hata hii siku itakwisha, na kibao cha namba mbili kitabaki kinaniangalia, na Jumanne ni kesho kutwa. Nikasimama pia, nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Basi niambie kosa langu ni lipi! Kule tulikaa miaka mitatu sijui hata ukicheka unafananaje. Huku tungeketi hapa, wewe hapo, mimi hapa, tunaonana. Mimi nilitaka kusogea karibu nawe, Bi Chausiku. Basi! Ni kosa hilo?"

Alimaliza kufunga fundo la kanga bila haraka. Akachukua mkoba wake, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mwanamume akitaka kusogea kwangu, Fundi, hutuma mshenga kwa kaka yangu. Wewe umetuma wizara."